Jinsi ya Kuchambua Maadili ya Mhusika kwa Nadharia za Maadili: Mfano wa Kinjeketile

Wanafunzi wa fasihi, hasa wa kidato cha tano na sita na wale wanaoanza chuo, huuliza maswali yaleyale kila wanapopewa kazi ya kuchambua maadili ya mhusika. Nianze na nadharia au nianze na kitabu? Nitumie nadharia ngapi? Nitajuaje kwamba hukumu yangu inasimama? Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo, na mfano wake kuanzia mwanzo hadi mwisho ni Kinjeketile, mhusika mkuu wa tamthilia ya Ebrahim Hussein yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 1969. Nimemchagua kwa sababu wasomaji wawili makini wanaweza kuisoma tamthilia hiyohiyo, wakatoka na hukumu mbili zinazopingana, na kila mmoja akawa na ushahidi wa kutosha. Ukishamweza yeye, wahusika wengi waliobaki hawatakusumbua.

Kuna jambo moja ambalo hatua zote zilizo hapa chini zinalitegemea, nalo ni kwamba kinachopimwa kwa nadharia ni tendo, tena tendo lililofanyika wakati fulani, na mtu aliyejua mambo fulani na asiyejua mengine. Insha nyingi huharibika kwa sababu mwandishi amempima mtu mzima kwa mkupuo mmoja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Matini yenyewe, wala si muhtasari wake. Vijitabu vya maswali na majibu hukupa orodha ya sifa, kama vile jasiri, mzalendo au mshirikina, bila kukuonyesha onyesho ambalo sifa hiyo imetoka. Isome matini mara mbili, na mara ya pili uwe na kalamu mkononi.
- Daftari la kunakili matukio pamoja na namba za kurasa. Ukiahirisha kuandika namba za kurasa, utalipia usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.
- Uelewa wa maswali manne ya msingi. Nadharia ya wajibu, inayohusishwa zaidi na Immanuel Kant, huuliza kama tendo linaheshimu kanuni ambayo kila mtu angeweza kuifuata, na kama linamchukulia binadamu mwenzako kuwa mtu mwenye akili na uamuzi wake au kuwa chombo tu. Nadharia ya matokeo, ya akina Jeremy Bentham na John Stuart Mill, huuliza ni nafuu kiasi gani na madhara kiasi gani yaliyowafikia wote walioguswa. Nadharia ya fadhila, ya Aristotle, huuliza mtu mwenye tabia iliyokomaa angefanya nini na tendo hili linamjenga mtendaji awe mtu wa namna gani. Falsafa ya utu, ambayo John Mbiti aliieleza mwaka 1969 kwa wazo kwamba mtu yupo kwa sababu wenzake wapo, huuliza tendo limeufanyia nini uhusiano wa watu.
- Usuli kidogo wa kihistoria, kama kazi inauhitaji. Kwa Kinjeketile unatosha kujua kwamba Vita vya Maji Maji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani, na kwamba wapiganaji waliamini maji ya dawa yangezuia risasi.

Hayo yanatosha. Huna haja ya kusoma historia nzima ya falsafa ndipo uandike insha ya kurasa tano.

Hatua ya 1: Orodhesha maamuzi, kisha chagua moja au mawili

Pitia kazi yote ukitafuta mahali ambapo mhusika angeweza kufanya vingine. Mahali ambapo hakuwa na njia nyingine hapakusaidii, hata kama pana kilio na damu nyingi.

Kwa Kinjeketile utapata angalau maamuzi matatu mazito. La kwanza ni lile la kuwatangazia watu maji, baada ya kuingia mtoni akiwa amepagawa na pepo Hongo na kutoka akiwa hai wakati watu wameshakata tamaa. La pili linakuja pale anapozindukana na kuambiwa kwamba katika kupagawa kwake alisema watu watakuwa chini ya watoto wa Seyyid Said, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar. Anashtuka, kwa sababu haielewi dawa inayomwondoa bwana mmoja ili kumkaribisha mwingine, na tangu hapo anashuku kwamba amedanganywa, lakini badala ya kuivunja imani ya watu anajaribu kuwazuia wasiende vitani mpaka wawe tayari. La tatu ni la mwishoni, akiwa kifungoni baada ya kushindwa, anapotakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa.

Chagua la pili, au la pili na la tatu kwa pamoja. La kwanza linavutia, lakini utaona katika hatua ya 3 kwamba lina ugumu wake.

*Tahadhari:* Usimchanganye mhusika na mtu wa historia. Mtunzi mwenyewe, katika utangulizi wake, alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa ubunifu. Yule wa historia, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, ilhali yule wa tamthilia anaishi mpaka anashuhudia kushindwa. Ukitumia habari za mmoja kumhukumu mwingine, hoja yako yote itakuwa imejengwa juu ya mtu asiyekuwepo.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi wa tendo hilo

Kwa kila uamuzi uliouchagua, chora jedwali la safu nne: alijua nini wakati huo, alitaka nini, alikuwa na njia zipi nyingine, na nani angeguswa. Jaza kila safu kwa mstari au tukio lenye namba ya ukurasa. Safu ikibaki tupu, iache tupu, utakuja kuitumia.

Tamthilia ina ugumu ambao riwaya haina, kwani hakuna msimulizi wa kukunong'oneza mhusika anawaza nini. Una maneno yake, matendo yake, maneno ya wengine juu yake, na maelezo ya jukwaani. Kwa hiyo tenganisha anachokisema mbele ya umati na anachokisema akiwa na mtu wake wa karibu. Kinjeketile akiwa na Kitunda, ambaye ndiye anayewaongoza wapiganaji, si Kinjeketile anayesimama mbele ya watu wa makabila yaliyokusanyika, na tofauti hiyo ndiyo ushahidi wako mkubwa kuliko wote. Ni kwa kuilinganisha ndipo unapoweza kusema kwamba alikuwa na shaka ambayo umati haukuwa nayo.

Safu ya nne ndiyo inayosahauliwa zaidi. Tamthilia inafunguka kwa wanawake, Bi. Kinjeketile na Bi. Kitunda, na mazungumzo yao ni ya njaa na chakula, wakati waume zao wanasumbuliwa na kazi ya lazima katika shamba la mkoloni Bwana Kinoo. Mtunzi hakuliweka onyesho hilo pale kwa kujaza nafasi. Waingize wanawake hao katika safu ya walioguswa, kwa sababu gharama ya kila uamuzi utakaofuata itaishia jikoni mwao.

Hatua ya 3: Amua kwanza kama tendo lilikuwa la hiari

Kabla ya kusifu au kulaumu, uliza kama mtendaji alitenda kwa hiari. Aristotle alifundisha kwamba lawama na sifa ni za matendo ya hiari, na kwamba tendo huweza kukosa hiari kwa njia mbili, yaani kwa kulazimishwa au kwa kutojua. Akaongeza jambo lenye faida kubwa kwa mhakiki: aliyetenda kwa kutojua hutazamwa kwa namna moja akijutia baada ya kujua, na kwa namna nyingine asipojali.

Sasa mrudie Kinjeketile anapotangaza maji. Amepagawa, au walau tamthilia inamwonyesha hivyo, na anaamini anachokisema. Huwezi kumwita mwongo katika onyesho hilo, kwa sababu mwongo ni yule anayejua kwamba anachokisema si kweli. Akizindukana anafadhaika, na fadhaa hiyo ndiyo ule ushahidi wa majuto. Lakini tangu dakika hiyo kinga ya kutojua imemwondokea. Ndiyo maana uamuzi wa pili ni mzito kuliko wa kwanza, ingawa wa kwanza ndio wenye kelele nyingi jukwaani.

*Tahadhari:* Usipoteze kurasa mbili ukijadili kama pepo wapo au hawapo. Ndani ya tamthilia wahusika wanaishi katika ulimwengu ambamo Hongo yupo, nawe unachambua maadili ndani ya ulimwengu huo.

Hatua ya 4: Uliza swali la kila nadharia, moja baada ya jingine

Andika jibu la kila nadharia katika aya yake. Usizichanganye bado. Hebu tuchukue uamuzi wa pili, yaani kunyamaza juu ya shaka huku akijaribu kuahirisha vita.

Nadharia ya wajibu inakudai utenganishe mambo matatu ambayo wengi huyaita yote uongo: kusema usichokiamini, kuficha unachokijua, na kuacha kusahihisha imani ya uongo uliyoisababisha bila kukusudia. Kinjeketile yumo katika la tatu, pengine na la pili. Bado swali la Kant linambana. Mtu anayekwenda mbele ya bunduki akiamini kwamba risasi zitageuka maji hajakubali hatari ile kwa kweli, maana hakuambiwa ilivyo; uamuzi wake umechukuliwa na mtu mwingine. Wakati huohuo nadharia hiyohiyo inalaani vikali kinachofanywa na Bwana Kinoo, kwa kuwa kumsukuma binadamu shambani kwa kiboko ni kumfanya chombo bila hata kificho. Kwa hiyo jibu la nadharia ya wajibu ni kwamba madai ya vita ni ya haki na njia ya kuwaingiza watu vitani ina doa. Andika yote mawili. Kant alikuwa mkali sana katika jambo hili: mwaka 1797 alitetea kwamba hata muuaji akibisha hodi na kumuuliza mwenye nyumba alipojificha rafiki yake, mwenye nyumba hana haki ya kumdanganya. Unaweza kuona msimamo huo umepita kiasi, na si kosa kulisema hilo katika insha, mradi utoe sababu.

Nadharia ya matokeo inahitaji kwanza uweke mipaka: matokeo kwa nani, mpaka lini, na kwa kipimo cha yaliyotokea au cha yaliyotarajiwa? Usipoweka mipaka utajikuta unahesabu chochote kinachokufaa. Kwa kipimo cha yaliyotarajiwa, Kinjeketile alikuwa na njia tatu. Angesema shaka yake, na umoja wa makabila uliosimama juu ya maji ungeweza kuvunjika, kazi ya lazima ikaendelea. Angebariki vita mara moja, na watu wakafa. Au angenunua muda, watu wajiandae kwa mazoezi na silaha, na umoja ubaki hata kama imani ya maji ingepungua nguvu. Alichagua njia ya tatu, na kwa kipimo hiki ni chaguo linaloeleweka. Kilichoharibika ni kwamba watu hawakuwa tayari kungoja, na vita vikaanza bila idhini yake. Hapo mhakiki wa matokeo atauliza swali gumu: je, hakupaswa kutambua kwamba imani aliyoiacha ikue ingemshinda nguvu? Maneno yake mwenyewe katika tamthilia, kuhusu neno linalozaliwa na mtu kisha likawa kubwa kuliko aliyelizaa, yanaonyesha kwamba aliliona hilo. Nami naona hapa ndipo anapolaumika zaidi.

Nadharia ya fadhila haiishii kwenye tendo moja. Inataka kuona tendo hilo likikaa wapi katika mwenendo wote. Ujasiri kwa Aristotle uko kati ya woga na kukurupuka. Mweke Kinjeketile kando ya wapiganaji wasiotaka kungoja, na utaona kwamba kuchelewesha kwake ni ujasiri wenye busara, kwa kuwa ni vigumu kuzuia umati unaokushangilia kuliko kuuongoza. Lakini fadhila ya ukweli inapungua. Mtu anaweza kuwa na fadhila moja na kukosa nyingine, na insha nzuri huonyesha ipi na wapi.

Falsafa ya utu hutumiwa ovyo kuliko zote, kwa sababu wanafunzi huigeuza kuwa sifa ya jumla kwamba kilicholeta umoja ni chema. Iulize swali kamili. Umoja huo ulijengwa juu ya nini, na wanaoulipia walishirikishwa? Makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka yalikaa pamoja, na hilo ni jambo kubwa kwa kipimo cha utu. Ila shaka ya kiongozi ilibaki ya kiongozi, na wale wanawake wa onyesho la kwanza hawakuulizwa chochote walipoamuliwa waume zao waende wapi. Utu unaweza kumsifu Kinjeketile kwa kuwakusanya watu na kumlaumu kwa kuwanyima nafasi ya kubeba shaka hiyo pamoja naye.

Hatua ya 5: Tafuta mahali nadharia zinapogongana

Soma aya zako nne kisha weka alama pale ambapo moja inasema ndiyo na nyingine inasema hapana juu ya kitu kilekile. Insha yako itaishi hapo. Kwa Kinjeketile mgongano mkubwa uko katika uamuzi wa tatu, ule wa kukataa kukana. Kwa nadharia ya wajibu ikichukuliwa kwa ukali, kukana kungekuwa kusema kweli, kwani yeye mwenyewe hakuwa na imani thabiti na maji. Yeye hoja yake ni nyingine: akikana, mtawala atawaambia watoto wao kwamba kupigania nchi lilikuwa kosa. Kwa hiyo anachokikataa si habari ya maji peke yake, ni ushuhuda ambao ungetumiwa kuwafunga walio hai na watakaozaliwa. Hapo nadharia ya matokeo inakutana na utu, zote mbili zikisimama mbele ya wajibu wa kusema kweli.

Kumbuka pia kwamba tamthilia ilichapishwa miaka minane baada ya uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961. Hadhira ya kwanza ilijua kitu ambacho mhusika hakukijua, na mtunzi alilitegemea hilo. Matokeo ya uamuzi wa mwisho yamewekwa nje ya jukwaa, mikononi mwa watazamaji.

Hatua ya 6: Chunguza mtunzi anakusukuma upande gani

Nani amepewa neno la mwisho? Nani amenyamazishwa? Hapa neno la mwisho ni la Kinjeketile, tena analitoa akiwa ameteswa, na ni vigumu kumlaumu mtu aliye katika hali hiyo. Kubali kwamba umeguswa, kisha jiulize kama ungehukumu vilevile laiti neno la mwisho lingekuwa la mjane wa mmoja wa waliokufa. Usiiandike hukumu yako kabla ya kujibu swali hilo.

Hatua ya 7: Andika hukumu yenye mipaka

Hukumu dhaifu husomeka hivi: "Kinjeketile ni mhusika mwema kwa sababu alipigania nchi yake, ingawa kwa upande mwingine alikosea kwa kudanganya." Haitaji tendo, haitaji wakati, na ingeweza kuandikwa na mtu aliyesimuliwa tu hadithi.

Linganisha na hii: "Kinjeketile hana lawama kwa kutangaza maji, kwa kuwa aliyatangaza akiyaamini. Analaumika kwa kipindi cha baada ya kuzindukana, ambapo aliwaachia watu imani ambayo yeye hakuwa nayo tena, ingawa kujaribu kwake kuahirisha vita kunaipunguza lawama hiyo. Kukataa kwake kukana kunatetewa kwa misingi ya matokeo na ya utu, lakini utetezi huo haufuti deni lake kwa waliokufa bila kujua." Unaweza kuipinga kila sentensi ya aya hiyo, na kwa sababu hiyo inafaa kusomwa.

Ukikwama

*Nadharia zote zimetoa jibu moja.* Uamuzi uliouchagua ni mwepesi mno. Bwana Kinoo atalaumiwa na nadharia zote nne na hutapata cha kuandika baada ya aya ya kwanza. Rudi hatua ya 1.

*Sina ushahidi wa nia ya mhusika.* Tazama ile safu uliyoiacha tupu. Andika wazi kwamba matini haisemi, kisha onyesha hukumu ingekuwaje kwa nia hii na kwa nia ile. Kubuni nia isiyokuwemo ni kosa ambalo msahihishaji huliona haraka.

*Nimeanza kutumia idadi ya waliokufa katika vita halisi.* Makadirio ya vifo vya Maji Maji huanzia watu 75,000 na kufika hadi 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Takwimu hizo ni za historia, na zinaweza kuingia katika aya ya usuli. Zikiingia katika mizani ya mhusika, umerudi kwenye kosa la hatua ya 1.

*Mhusika wangu ni Sungura wa ngano.* Ngano humshangilia mjanja, na Sungura hana historia ya ndani ya nafsi. Acha nadharia ya wajibu kando, tumia fadhila na utu, na uliza ujanja wake unamwangukia nani: mwenye nguvu kama Fisi na Simba, au mnyonge mwenzake.

*Mwalimu anataka jibu moja, mwema au mbaya.* Mpe jibu moja, lakini litaje tendo. "Alikosea kunyamaza baada ya kuzindukana" ni jibu moja lililonyooka.

*Insha imezidi urefu uliopangwa.* Punguza kwanza maelezo ya nadharia, kwa kuwa msomaji wako anamfahamu Kant na hahitaji wasifu wake. Kisha punguza nadharia moja nzima, ile iliyochangia kidogo kuliko zote. Maonyesho na namba za kurasa usiziguse.